Kibati cha Nyumba ya Saba

Baba yangu alizaliwa Kasongo, katika nchi ya Maniema, kwa wazazi waliokuwa Waislamu kabla yake. Mama yangu alizaliwa Kasungami, wakati Kasungami ilikuwa mashamba ya mihogo na vichuguu, na kufika mjini Lubumbashi kulimchukua mtu nusu siku ikiwa ana mzigo kichwani. Majina yao usiyaandike. Nayataja kila siku katika dua, na hapo yanatosha. Baba alikuja kusini na kazi ya kufua bati. Alinunua mapipa matupu akayageuza kuwa ndoo, masufuria na majiko ya makaa, haya ambayo sisi huku tunayaita mbabula. Mama alikuwa akipita mbele ya kazi yake na mahindi ya kuuza, wakaoana. Mimi ni mtoto wao wa tatu, na wengine wote wamekwisha kutangulia.

Sikuingia shule hata siku moja. Sura chache za Kurani nilizishika kwa kusikiliza, na bati nililijifunza kwa kutazama mikono ya baba. Ndiyo sababu leo mimi nasema nawe unaandika, mjukuu wangu. Nitasema polepole. Usiongeze neno la kupamba, na mahali nitakaponyamaza, nawe unyamaze.

Ninachotaka kibaki ni habari ya dada yako. Yeye ni binti wa binti yangu, nawe ni mwana wa mwanangu. Katika nyumba hii hilo ni tumbo moja. Ana miaka kumi na sita. Wewe unamfahamu, lakini watakaosoma karatasi hizi baada yako hawatamfahamu, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitano. Siku ya kumzika binti yangu nilirudi nyumbani nikakuta pipa limelala uani, nikalikata. Niliunda mbabula mbili kabla ya magharibi. Watu walisema moyo wangu ni mgumu. Nilipouchungulia huo moyo sikukuta kitu ndani yake, wala kigumu wala laini. Baba wa mtoto ni dereva wa lori. Wakati ule alikuwa Kasumbalesa akingoja zamu ya kuvuka mpaka, na baada ya muda akapata nyumba nyingine upande wa pili. Mtoto akabaki kwangu.

Alikuwa mtoto asiyefanana na wale niliowalea. Alipanga misumari yangu chini kwa urefu, kuanzia mdogo hadi mkubwa, na mtu akigusa mmoja alilia hadi jioni. Mboga ikigusa bukari, yaani ugali, katika sahani, hakula. Nilipoinua nyundo aliziba masikio akakimbilia nyuma ya banda la kuku. Katika mwaka wa kwanza alizoea kusimama mlangoni mwa chumba kilichokuwa cha mama yake. Tulimwondoa, akarudi, tukamwondoa tena. Tuliona ni mchezo.

Jambo lililonikasirisha zaidi lilikuwa salamu. Katika nyumba ya baba yangu mtoto akiamka huenda kwa kila mkubwa, husalimu, husimama akingoja kuitikiwa. Baba alitufundisha kwamba kutoa salamu ni wema, lakini kuitikia ni wajibu. Salamu ambayo haijaitikiwa bado iko njiani, na mwenye kuitoa haruhusiwi kugeuza mgongo. Huyu mtoto alipita mbele ya wazee kama anavyopita mtu mbele ya miti. Wageni waliuliza, "Mzee, mujukulu wenu iko bubu, ao iko na kiburi?"

Nilimpiga mara mbili viganjani kwa ufito wa mpera. Andika hivyo. Umeinua kalamu, ishushe, uandike. Mara zote mbili alivitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, na siku iliyofuata akapita bila kusalimu. Niliacha kumpiga kwa sababu haikufaa kitu. Sitasema kwamba niliacha kwa huruma.

Mama yako ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari alitaja neno la Kifaransa. Wewe umeniambia kwamba katika Kiswahili cha vitabu huitwa usonji. Niliuliza dawa yake ni ipi. Akasema dawa hakuna, kuna kufundisha. Akatuelekeza kwa mwalimu mmoja, mwanamke kijana, mwenye chumba kidogo ambamo watoto wa namna hiyo walikuwa wakijifunza kufunga vifungo, kununua mkate na kungoja zamu.

Mwalimu alimtazama mtoto muda mrefu akipanga vizibo vya chupa. Kisha akaniambia, "Papa, huyu mutoto hana kiburi. Hajue tu fasi salamu inaanzia na fasi inaishia. Mumupatie kitu ya kushika mu mikono. Kila siku kitu ile ile, njia ile ile."

"Mama," nikasema, "mimi nililea watoto saba bila kitu ya kushika."

"Ndiyo, Papa. Huyu ni wa nane."

Sikumpenda siku ile. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa na maneno yake kichwani, na yakakaa humo miaka kadhaa bila kutumika, hadi mtoto alipofika kumi na tatu na ikanibidi kufikiri atakula wapi mimi nikiisha kuondoka.

Mama mwenye mashine ya kusaga mahindi, huku kwetu Ruashi, ni mteja wangu wa siku nyingi. Siku moja nilikwenda na mtoto kusaga, nikijua ataziba masikio. Mashine ilipowashwa aliyaziba, kisha akaondoa mikono, akasogea karibu, akasimama akiwa ametulia kuliko nilivyopata kumwona. Nilielewa pale. Nyundo hupiga, hunyamaza, na mtu hajui itapiga lini tena. Mashine hunguruma sauti moja tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Mwenye mashine alimpa sindano ya magunia kwa mzaha, na mtoto akashona mdomo wa gunia kwa mishono iliyolingana kama meno ya msumeno. Yule mama akasema, "Mumulete kila siku. Huyu hatasemasema na bateja."

Kilichobaki kilikuwa njia. Kutoka kwetu hadi kwenye mashine kuna milango tisa ambayo mtu hawezi kuipita kimya. Wa kwanza ni wa ua wetu wenyewe, ambapo mimi hukaa na fuawe langu la kufulia bati; wa tisa ni wa mashine. Katika mtaa wetu, msichana anayepita kila siku bila kusalimu huanza kwa kuitwa mwenye dharau, kisha huitwa jina lingine lililo baya zaidi. Kwa hiyo salamu ilikuwa ulinzi wake, na bila salamu asingeweza kutembea peke yake.

Nilikata debe la mafuta nikatengeneza vibati tisa, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, nikakunja kingo ili visimkate. Sijui kuandika tarakimu, basi nilitoboa kwa msumari: kibati cha kwanza tundu moja, cha pili matundu mawili, hivyo hadi tisa. Nikavitia katika waya, nikaukunja waya uwe pete, na mahali ulipokutana nikafunga fundo. Mtoto anafika mlango wa kwanza, anasalimu, anaitikiwa, anasogeza kibati cha tundu moja kukivusha ng'ambo ya fundo. Mlango wa pili, cha pili. Vibati vikiisha kuvuka vyote, amefika kazini. Wakati wa kurudi huvigeuza, akivirudisha kimoja kimoja upande wa kwanza.

Nikamwekea sharti: kibati hakisogei kabla ya jibu. Hilo mwalimu hakuniambia. Nililiongeza mimi, kwa sababu ya baba yangu.

Msimu mzima wa mvua nilitembea mbele yake. Kisha nikatembea ubavuni, kisha nyuma, kisha nikasimama kwenye kona nikimtazama tu. Siku moja nilibaki kwenye fuawe langu. Alinisalimu, nikaitikia, akasogeza kibati changu, akaenda na beseni lake la mahindi kichwani. Saa sita akarudi na unga, na vibati vyote vimegeuzwa. Mama yako alilia. Mimi nilikuwa na mguu wa mbabula wa kupigilia, nikaupigilia.

Nyumba ya saba ilikuwa ya mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini hadi mguu wake ulipovunjika. Yeye si wa kabila letu wala wa dini yetu. Jamaa zake walikuwa hapa kabla ya migodi yenyewe. Tangu alfajiri alikaa mbele ya mlango kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa kwa waya, kazi yangu. Milango mingine waliitikia kwa haraka. Yeye hakuitikia kwa haraka.

"Jambo, kambo," msichana alisema, kwa maana kambo ndivyo watoto wa mjini wanavyomwita babu.

Mzee alifumba macho. "Ngoja kwanza, mwanangu. Jibu yangu iko nakunywa chai."

Msichana alisimama. Mtu mwingine angecheka na kupita. Yeye alisimama na beseni kichwani, kidole juu ya kibati cha saba. Baada ya muda mzee alifumbua macho. "Aa, imemaliza chai. Jambo sana, mwanangu. Jambo sana sana." Kibati kikavuka.

Hivyo kila asubuhi. Nilimwendea nikamwambia, "Mzee, usimuchezee mutoto."

"Weye mufua bati, acha," akanijibu. "Bale bengine bote banamujibia mbio mbio, kama banafukuza kuku. Ni mimi peke yangu anasimama naye kidogo."

Nilimwacha. Nilijua kwamba wanawe walikuwa wakipita mbele ya kiti kile bila kusimama.

Katika mwaka wa pili wa mambo haya, majira ya baridi, mzee alifariki kitandani mwake. Nilikaa kwenye kilio chao siku zote, nikapeleka makaa na mbabula mbili za kuwapasha moto waombolezaji. Msichana nilimzuia nyumbani, nikamwambia mashine imefungwa. Kwetu mtoto haambiwi kifo. Huona mtu hayupo, naye hukua huku akielewa. Ndivyo nilivyofanyiwa, ndivyo nilivyowafanyia watoto wangu, na sikufikiri kwamba kuna mtoto ambaye haelewi hadi aambiwe.

Mikeka ya kilio ilipokunjwa, nilimruhusu kwenda. Saa sita mwenye mashine alituma mtu kuuliza mbona hakufika. Nilimkuta nyumba ya saba. Kiti cha plastiki kilikuwa bado ukutani, hakuna aliyekiondoa. Alikuwa amesimama mbele ya kiti na beseni kichwani, jua likiwa limepanda, na shingo yake ilikuwa ikitetemeka kwa uzito.

"Unafanya nini hapa?"

"Jibu iko nakunywa chai," akasema.

Nilimtua beseni, nikamshika mkono, nikamrudisha. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu nilimpeleka mwenyewe hadi mlango wa nane, akajichomoa mkononi mwangu, akarudi mbio kwenye kiti.

Siku ya tano binti mkubwa wa marehemu alikuja uani kwangu, katika nguo nyeusi. Hakutaka kuketi.

"Mzee, mimi nakuheshimu. Ulikaa na sisi mu kilio. Lakini huyu mutoto anasimama ku mulango yetu kila asubui, anaita baba. Na tukimuuliza, anasema baba iko nakunywa chai. Na nani? Baba iko nakunywa chai na nani, kule?"

"Hasemi baba. Anasema jibu."

"Hiyo ni mubaya zaidi." Alitazama chini. "Mudogo yangu anakohoa tangu juzi. Bantu ba avenue banasema ni mulozi. Mimi sijasema. Lakini kama siku ya kumaliza kilio inafika na yeye angali anasimama pale, vijana batakuja hapa, na mimi sitabazuia. Mumufunge mutoto, mzee. Mumufunge ndani tu."

Mulozi ni mchawi. Neno hilo likimshika mtoto katika mji huu, halimwachii. Nimeona watoto waliofukuzwa kwa neno hilo wakilala chini ya meza za soko. Nilimwambia, "Nimesikia." Aliniambia kwamba siku ya kumaliza kilio, jamaa watakapokusanyika tena kuvua nguo nyeusi, ilikuwa baada ya wiki tatu. Akaondoka.

Umeniuliza jana kama niliogopa. Nilijua hatari ilivyo, kama mtu anavyojua kwamba bati lina makali. Kuogopa kwenyewe sikukuona. Nilikula, nikaswali, nikalala.

Kwanza nilikiondoa kibati cha saba kwenye pete. Msichana alivihesabu kwa kidole: sita, nane. Akakaa chini katikati ya ua akaanza kupiga kichwa ukutani, na ilibidi mama yako amkumbatie kwa nguvu hadi adhuhuri. Nikakirudisha. Kisha nilitaka kumpitisha njia ya nyuma, kando ya uzio wa mgodi. Alifika kona, akaona hakuna mlango wa pili, akarudi. Ndipo nilipofunga lango. Siku tatu alitembea kando ya ukuta wa ndani, kutoka pembe hadi pembe, pete ikiwa mkononi, akisema "Jambo, kambo" kwa ukuta. Mwenye mashine alituma neno kwamba ametafuta mtu mwingine wa kushona kwa muda, na kwamba hawezi kungoja sana. Nilifua bati. Nilikuwa nikimwona kila aliponipita, na mkono wangu haukukosea pigo.

Nikaenda kwa mwalimu. Nilimweleza yote, pamoja na sharti la jibu.

"Papa, ile sheria nani aliweka?"

"Ni mimi."

"Basi ni nyinyi munaweza kuongeza ingine. Kuondoa, hapana. Atajisikia kama dunia inaanguka. Kuongeza."

"Niongeze nini?"

"Sijue, Papa. Kuko fasi gani kwenu bantu banasalimia bila kungoja jibu?"

Nilimwambia kwamba kwetu hakuna mahali pa namna hiyo. Nilikuwa nimekosea.

Ijumaa, nikienda msikitini, nilipita kando ya ukuta wa makaburi, mahali wanapolazwa Waislamu wa mji huu. Mdomo wangu ulisema wenyewe, kama unavyosema kila Ijumaa: "Asalaam aleikum, enyi watu wa makaburini." Miguu iliendelea. Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa msikiti ndipo niliposikia nilichokisema. Mke wangu yuko nyuma ya ukuta ule. Binti yangu yuko nyuma ya ukuta ule. Kwa miaka zaidi ya tisa nilikuwa nikimsalimu binti yangu kila Ijumaa na kuendelea na safari yangu, bila kusimama, bila kungoja, na sikupata kuliona jambo hilo kuwa ni kitu cha kufikiriwa.

Nilirudi nyumbani nikakata kibati cha kumi. Hicho sikukitoboa. Nilikisugua kwa mchanga hadi kikawa laini pande zote mbili.

Kesho yake nilimtoa msichana kabla mtaa haujaamka, pete tukaiacha nyumbani, tukapita njia nyingine ambayo haina milango, hadi kwenye ukuta wa makaburi. Tulisimama barabarani. Mzee mmoja wa msikiti alitukuta hapo akasema, "Musichana ku makaburi?"

"Tuko mu barabara," nikamjibu. "Barabara ni ya bote."

Alipokwenda, nilimwambia mtoto atazame. Nikasalimu watu wa makaburini. Nikakisogeza kibati kisicho na tundu kwenye kipande cha waya. Nikapiga hatua tatu mbele. Nikarudi, nikampa waya. Alisalimu kama nilivyosalimu. Kidole kikabaki juu ya kibati.

"Jibu?" akauliza.

"Hapa hakuna jibu."

"Iko nakunywa chai?"

Magari ya mgodi yalikuwa yakipita. "Hapana," nikasema. "Jibu imekwisha. Bibi yako iko hapa, imekwisha. Mama yako iko hapa. Imekwisha. Wao hawaitikii tena. Sisi tunasalimu, tunasogeza kibati, tunapita. Hawakasiriki."

Alitazama ukuta, halafu kibati. "Mama imekwisha," akasema.

"Ndiyo."

"Mama imekwisha," akasema tena, kwa sauti ileile anayohesabia misumari. Akakisogeza kibati. Akapiga hatua tatu.

Hapo ndipo nilipokumbuka mlango wa chumba cha mama yake, na mtoto wa miaka mitano aliyesimama mbele yake mwaka mzima, nasi tukasema ni mchezo. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Umeniuliza kama nililia. Sikulia. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani, akala bukari na mboga, kila kimoja upande wake, na mimi nikala.

Tulikwenda kwenye ukuta ule kila alfajiri kwa siku kumi na mbili, na mchana lango likabaki limefungwa. Siku ya kumi na tatu nilikiondoa kibati cha matundu saba mbele ya macho yake, nikatia kile kitupu mahali pake, nikamwambia: "Kambo wa nyumba ya saba imekwisha. Unasalimu, unasogeza, unapita." Alivihesabu. Vilikuwa tisa. Mzee yule hakuwa Mwislamu, kwa hiyo salamu yake ilibaki ileile aliyoizoea.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya kumaliza kilio. Nilitangulia kwa binti wa marehemu, nikamwomba asimame mlangoni aone, asiseme neno. Alisimama amekunja mikono, na nyuma yake vijana wawili. Nilisimama kwenye kona. Msichana alikuja na beseni lake. Nyumba ya tano, ya sita. Mbele ya kiti cha plastiki alisimama, na vijana wale wakatazamana.

"Jambo, kambo," akasema.

Kidole kilikaa juu ya kibati muda ambao kwangu haukuwa mfupi. Kisha kibati kikavuka fundo, naye akapita. Nyumba ya nane waliitikia kwa haraka kama kawaida yao.

Binti wa marehemu alinifuata kwenye kona. "Ni hiyo tu alikuwa anangoja?" akauliza. "Jibu?"

"Ni hiyo tu. Baba yako alimuzoeza kungoja."

Aliketi kwenye kiti cha baba yake. Sikuwahi kumwona akikikalia. Siku ya kumaliza kilio ilipita, na vijana hawakuja. Neno la mulozi halikufa kabisa. Lipo kwenye midomo miwili mitatu hadi leo. Lakini halikupata miguu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu nyumba ile. Baada ya miezi michache, asubuhi moja, msichana alirudi mbio hadi kwangu kabla ya kufika kazini, amekasirika, akanyoosha pete. Yule binti alikuwa ameketi kwenye kiti, naye aliposikia "Jambo, kambo" alijisahau akaitikia. Nyumba iliyokwisha ilikuwa imejibu. Ilinibidi kukitafuta kibati cha zamani chenye matundu saba na kukirudisha, na kumfundisha kusema "Jambo, mama" mahali pale. Kile kitupu nilikitia koponi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokuwa nikielekea.

Kifua changu unakisikia mwenyewe usiku kupitia ukuta. Siwezi tena kukata pipa zima. Mlango wa kwanza katika pete ile ni wangu, wenye tundu moja. Kila asubuhi msichana husimama mbele ya fuawe, husema "Asalaam aleikum, kambo," nami huitikia, na siku yake ndipo huanza. Siku nitakaposhindwa kuitikia, atasimama pale. Asipofundishwa, atasimama hadi beseni limvunje shingo, na mashine itamkosa, na mtaa utaanza kusema upya.

Kwa hiyo, haya ndiyo utakayoyatunza.

Tunza kopo la chai lililo juu ya rafu, nyuma ya mafuta ya taa. Ndani yake kuna kibati kile kisicho na tundu. Kisipotee, wala mtu asikitoboe.

Tunza mkato wa vibati vyenyewe. Bati huota kutu. Utakata vingine kwa kipimo kilekile, ukunje kingo, na matundu uyahesabu mara mbili. Usimwandikie tarakimu eti kwa sababu wewe umesoma. Yeye anayajua matundu.

Fuawe langu usiliuze wala usilihamishe. Liache kwenye lango hata kama hakuna wa kulitumia, kwa maana hilo ndilo analolitazama anaposalimu.

Nikifa, mwambie. Usingoje aelewe. Mwambie siku hiyohiyo, kwa neno analolijua: kambo imekwisha. Mpeleke kwenye ukuta, msimame barabarani, na wazee wakinung'unika uwajibu nilivyowajibu mimi. Kisha kaeni mbele ya fuawe, utoe kile cha tundu moja, na kile kitupu umwachie yeye mwenyewe akitie katika waya. Cha tundu moja usikitupe. Mpe akitunze popote apendapo.

Na asubuhi inayofuata mazishi yangu usimzuie ndani. Mashine hufunguliwa mapema.